Manju, Kiitikio na Sanduku la Umeme: Historia ya Sauti Iliyokuzwa hadi Misungwi

Wahenga walituachia onyo kwamba ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Aghalabu onyo hilo huelekezwa kwa watu, lakini linaufaa pia mjadala wa vyombo vya umeme vilivyoingia katika nyimbo zetu kwa muda wa karne moja iliyopita. Pwani na visiwani mjadala huo umekuwa juu ya taarabu: je, kinanda cha umeme na spika kubwa zimeliinua neno la mshairi au zimelifukia? Wapenzi wa mashairi wamelumbana juu ya jambo hilo tangu taarabu ya kisasa iliposhika majukwaa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hadi leo hawajamaliza. Iko sehemu nyingine ya nchi, mbali na maji ya chumvi, ambako swali hilohilo lina mizizi mirefu zaidi, kwa kuwa huko kusikika ndiko kushinda. Sehemu hiyo ni Usukumani, na Misungwi ni mojawapo ya wilaya zake.

Uwanja usio na ukuta

Misungwi iko kusini mwa jiji la Mwanza, kwenye barabara kuu iendayo Shinyanga. Magharibi yake ni Ghuba ya Mwanza, na hapo Kigongo ndipo vivuko vilipokuwa vikiwavusha watu na magari kwenda Busisi, hadi daraja lenye urefu wa kilomita 3 lilipofunguliwa mwezi Juni 2025. Nchi yenyewe ni mbuga na vilima vya mawe makubwa, mashamba ya pamba, mpunga na mahindi, na malisho ya ng'ombe. Baada ya mavuno, kiangazi kinapotulia, ndipo msimu wa ngoma unapowadia. Na ngoma hiyo huchezwa uwanjani, chini ya mbingu, pasipo ukuta wala dari ya kuirudisha sauti.

Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikuu vishindanavyo, Bagalu na Bagika. Masimulizi huvinasibisha vyama hivyo na waganga wawili mahasimu, Gumha na Ngika, ambao kila mmoja alijigamba kwamba dawa zake zina nguvu kuliko za mwenziwe. Habari zake zilikwishaandikwa mwaka 1936 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na tangu hapo watafiti wengi wamezirejea. Katika miaka ya 1950 Padri David Clement, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyekaa Bujora karibu na Kisesa, aliyakaribisha mashindano hayo katika sikukuu ya Ekaristi, na sherehe ya Bulabo ikawa mojawapo ya mikutano mikubwa ya ngoma katika kanda nzima ya Ziwa.

Kanuni ya shindano ni nyepesi kuieleza na nzito kuitimiza. Makundi mawili huchezea uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi: upande unaovuta umati mkubwa zaidi ndio ulioshinda. Mtu akichoshwa na manju wa huku, huondoka akaenda kumsikiliza wa kule, na miguu yake ndiyo kura yake. Zipo mbinu nyingi za kumvuta mtu huyo. Wako wachezao na nyoka, wako Bagobogobo warushao majembe hewani na kuyadaka kwa mdundo wa ngoma kubwa, wako wenye vichekesho na viinimacho. Lakini pamoja na yote hayo, kitovu cha shindano ni wimbo, na kitovu cha wimbo ni manju, ambaye Wasukuma humwita ningi: mtu anayetunga, anayeimba na anayeongoza uchezaji. Yeye ndiye mwenye mafumbo, mwenye kejeli kwa mahasimu, mwenye habari za mavuno, za bei ya pamba na za watawala.

Basi manju huyo alikuwa na tatizo ambalo mwimbaji wa sebuleni hakulijua. Sauti ya mtu katika uwanja wa wazi hutawanyika pande zote, na kila umbali unapozidishwa mara mbili, nguvu inayomfikia msikilizaji hupungua ikabaki robo. Aliyesimama hatua 40 kutoka kwa mwimbaji hupata robo ya kile anachokipata aliye hatua 20. Aliye hatua 80 hupata sehemu moja tu ya 16. Ongeza hapo kishindo cha ngoma za kundi lake mwenyewe, njuga za wachezaji, vigelegele vya mashabiki, na kundi hasimu linalopiga kwa makusudi ya kumfunika. Mtunzi anaweza kuwa na neno lenye thamani ya dhahabu, lakini likiishia kwenye masikio ya watu 30 wa safu ya mbele, hao wa nyuma watahama.

Jawabu la wazee lilikuwa ndani ya umbo la wimbo wenyewe. Manju huimba mstari, wenziwe wakaupokea, kisha yeye akaongeza mwingine. Koo moja haliwezi kuufikisha mstari ukingoni mwa uwanja, koo 40 zinaweza. Zipo pia nyimbo za aina ya wigashe, ambazo waimbaji huziimba wameketi, na hapo neno hupewa nafasi yake pana kuliko mguu. Mtu wa pwani aliyezoea kibwagizo cha shairi atalielewa jambo hili bila taabu. Kiitikio, ambacho katika kitabu huonekana kama marudio tu, uwanjani kilikuwa ndicho chombo cha kufikisha ujumbe. Aidha, kilikuwa na kazi ya pili ambayo haikuonekana upesi: kila aliyeitikia alikuwa anajifunza. Shindano lilipokwisha, mamia ya watu walirudi makwao na wimbo vinywani mwao. Frank Gunderson, aliyekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300 na kuzichapisha mwaka 2010, alizipata nyimbo za miongo mingi nyuma zikiwa zimehifadhiwa hivyo, katika kumbukumbu za wale walioziimba wakilima na wakicheza.

Sauti yaingia sandukuni

Wakati mababu wa manju hao wakishindana, kwingineko duniani tatizo lilelile lilikuwa likitafutiwa ufumbuzi wa namna nyingine. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alibuni valvu ya kioo iliyoweza kuchukua mkondo dhaifu wa umeme na kuutumia kuutawala mkondo wenye nguvu zaidi. Hapo ndipo ilipozaliwa amplifaya, yaani kikuza sauti. Valvu hiyo iliboreshwa kwa ajili ya simu za masafa marefu, nayo baadaye ikaunganishwa na maikrofoni upande mmoja na honi upande wa pili. Mafundi wawili wa California, Peter Jensen na Edwin Pridham, walitengeneza mwaka 1915 chombo walichokiita Magnavox, na mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson alikitumia mjini San Diego kuhutubia makumi ya maelfu ya watu. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa kampuni ya General Electric, walieleza muundo wa spika yenye koni ya karatasi na waya uliozungushwa ndani ya sumaku, na hadi leo spika nyingi duniani hufuata muundo huo.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikutana na maikrofoni mapema, lakini kupitia mlango wa sahani za santuri. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, kampuni hiyo ilikuwa imekwishaacha pembe ya zamani na kushika maikrofoni na umeme. Sauti yake ilivuka bahari ikarudi Unguja ndani ya sahani. Lakini aliporudi mwenyewe kuimba mbele za watu, aliimba kwa kifua chake, chumbani au barazani, udi na fidla zikimfuata kwa adabu. Nyumba ilikuwa ndiyo amplifaya yake: kuta zilirudisha sauti, na wasikilizaji waliketi karibu.

Bara, sauti iliyokuzwa ilifika vijijini juu ya lori. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa majaribio wa sinema za elimu, uliokuwa na makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulizunguka Tanganyika na nchi jirani ukiwa na jenereta, mashine ya kuonyeshea picha, sahani za sauti na spika. Kwa wanavijiji wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti ya mtu ikiwa kubwa kuliko mtu mwenyewe. Ni vyema kukumbuka kwamba sauti hiyo ya kwanza ilikuwa sauti ya serikali, ikifundisha kilimo na usafi. Haikuwa na kiitikio, na haikungoja kujibiwa. Baada yake ikaja mikutano ya siasa. TANU, ambayo serikali ya kikoloni iliizuia kufanya kazi Usukumani kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, ilipopata nafasi iliingia viwanjani na vipaza sauti, na baada ya uhuru wa mwaka 1961 chombo hicho kikawa sehemu ya kawaida ya mkutano wa hadhara. Mtu mmoja akaweza kusema na uwanja mzima bila ya kupokewa na yeyote.

Njia sita

Kukuza sauti moja ni jambo jepesi. Kazi ngumu ilikuwa kukuza sauti nyingi kwa pamoja, kila moja kwa kipimo chake. Tarehe 15 Agosti 1965 kundi la The Beatles liliimba katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Magitaa yao yalikuwa na amplifaya za Vox za wati 100, kubwa kwa wakati ule. Sauti zao zilipitishwa katika vipaza sauti vya uwanja vilivyowekwa kwa matangazo ya michezo. Mayowe ya mashabiki yaliwafunika, na waimbaji wenyewe hawakuweza kujisikia. Kilichokuwa kimekosekana pale ni mizani, yaani mahali pamoja ambapo sauti za waimbaji na za vyombo hukutana, zikapimwa, zikapangwa, ndipo zikatolewa nje.

Majumba ya redio na ya santuri yalikuwa na mizani hiyo tangu zamani, lakini ilikuwa meza nzito isiyohamishika. Mwaka 1967 kampuni ya Shure ya Marekani ilitoa Vocal Master, sanduku moja lililobebeka, lililounganisha mikisa na amplifaya. Lilikuwa na njia sita za maikrofoni. Kila njia ilikuwa na vitufe vyake vya kuzungusha: cha ukubwa wa sauti, cha kupandisha au kushusha sauti nene, cha sauti nyembamba, na cha mwangwi. Nyuma yake zilitoka nyaya mbili tu kwenda kwenye spika ndefu zilizosimama kama nguzo. Bendi ndogo, kanisa au shule iliweza kulinunua, kulipakia garini, na kulifunga kwa muda mfupi bila ya mhandisi.

Wakati huohuo transista, iliyobuniwa mwaka 1947, ilikuwa ikiichukua nafasi ya valvu. Transista haivunjiki kama kioo, haihitaji kupashwa moto kwanza, na hutoa nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Katika miaka ya 1970 na 1980 kampuni kama Peavey ya Mississippi na Yamaha ya Japani zilitengeneza mikisa zenye amplifaya ndani kwa wingi, za njia 4, 6, 8 na zaidi. Katika miaka ya 1990 amplifaya ilianza kuhamia ndani ya spika zenyewe. Baadaye kikaja kizazi cha amplifaya zinazowasha na kuzima umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, ambazo hupoteza nguvu kidogo sana kwa joto. Kwa sababu hiyo sanduku la wati 1,000, ambalo zamani lingehitaji wabebaji wawili, sasa linaweza kufungwa nyuma ya pikipiki.

Jambo moja katika maendeleo hayo halina budi kusisitizwa, kwa kuwa wengi hulikosea. Kuongeza wati mara mbili hakufanyi sauti isikike kubwa mara mbili. Sikio hulipata ongezeko hilo kama badiliko dogo tu. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili, hukadiriwa kwamba nguvu lazima iongezwe karibu mara 10. Kwa hiyo anayejaribu kumshinda mwenziwe kwa wati peke yake hujitia gharama kubwa kwa faida ndogo, na mara nyingi spika zake hukoroma au hupasuka, sawasawa na onyo la wahenga. Kinachomwezesha msikilizaji wa mbali kulishika neno ni mizani: ngoma na besi zishushwe kiasi sauti ya mwimbaji inapopanda, mwangwi usizidi, na spika ziinuliwe juu ya vichwa vya watu. Kazi hiyo hufanywa na mtu ambaye katika bendi za Tanzania huitwa fundi mitambo.

Nani mwenye vyombo

Nchini Tanzania historia ya sanduku hili haikuwa historia ya ufundi peke yake. Ilikuwa pia historia ya umiliki. Vyombo vya umeme viliagizwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilikuwa chache. Ndiyo maana bendi nyingi kubwa za baada ya uhuru zilikuwa mikononi mwa mashirika na jumuiya. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 baadaye ilikuja kumilikiwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Polisi, jeshi la kujenga taifa na umoja wa vijana nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki aliyehama bendi aliacha gitaa na maikrofoni nyuma yake, kwa kuwa havikuwa vyake. Vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 na ukata uliofuata vilizidisha uhaba huo, na mafundi wa redio wa mitaani wakawa ndio waliozitia uhai amplifaya zilizokufa.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na ukafunguka zaidi katika enzi ya ruksa ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Watu binafsi wakaanza kumiliki vyombo na kuvikodisha. Matokeo yake katika taarabu yanajulikana sana. Huko Tanga, vikundi kama Black Star na Lucky Star vilikwishaonyesha tangu zamani kwamba kundi dogo lenye gitaa la umeme na besi laweza kufanya kazi ya okestra nzima. Katika miaka ya 1990 East African Melody, Muungano na Tanzania One Theatre walikwenda mbele zaidi: kinanda kimoja kikachukua nafasi ya fidla nyingi, spika zikapanda, wasikilizaji wakainuka vitini, na mipasho ikatawala. Hapo taarabu ilitoka chumbani ikaingia uwanjani, ikakutana na tatizo lilelile la manju.

Waliokuwa na uwezo mdogo walijitengenezea njia yao. Vikundi vya mchiriku vya Dar es Salaam vilichukua vinanda vidogo vya Casio, vikavipitisha katika amplifaya kuukuu na honi, na mkwaruzo uliotokea, ambao mhandisi angeuita kasoro, wao wakaufanya kuwa ladha. Jagwa Music wa Mwananyamala waliufikisha mlio huo Ulaya kwa santuri ya mwaka 2012. Mfano huo unaonyesha kwamba sanduku halina tabia yake peke yake, hupewa tabia na mikono inayolishika.

Sanduku lafika Misungwi

Vijiji vya Usukumani vilikawia kupata umeme wa kudumu. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Kabla ya hapo, nje ya miji midogo ya barabarani, mwenye muziki alikuwa mwenye jenereta au betri ya gari. Makanisa yalitangulia. Kanisa la African Inland, lenye makao yake makuu Mwanza, lina desturi ndefu ya kwaya, na kwaya zilipoingiza magitaa na vinanda zilihitaji mikisa ili sauti za waimbaji zisimezwe. Baada ya vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, kampeni za uchaguzi zikaongeza haja ya vipaza sauti, na harusi na sherehe za familia zikafuata. Fundi aliyejifunza kufunga nyaya kanisani Jumapili aliweza kuitwa kwenye mkutano Jumatano na kwenye harusi Jumamosi.

Ngoma nayo haikubaki nyuma. Siku hizi katika wilaya za kanda hii si ajabu kumwona manju ameshika maikrofoni, spika zimepangwa pande mbili, na jenereta ikinguruma nyuma ya mti. Wako waimbaji wa Kisukuma wanaoimba kwa kinanda cha umeme na kurekodi kanda, sahani na video zinazouzwa na kusambazwa mbali na Usukumani. Hakuna sababu ya kulisikitikia jambo hili kwa jumla. Mtunzi aliyekuwa hasikiki isipokuwa kwa hisani ya kifua chake sasa anasikika hata kama ni mzee au ana kikohozi. Mwanamke ambaye sauti yake nyembamba ilifunikwa na ngoma anaweza kuwekwa juu ya ngoma. Zaidi ya yote, mtunzi anaweza sasa kuimba beti ndefu, zenye fikra zinazofuatana, bila kulazimika kukata kila wazo kwa urefu wa pumzi moja ili wenziwe walipokee. Hiyo ni faida ya kishairi, na mshairi yeyote wa pwani ataitambua.

Lakini faida hiyo ina bei. Katika uwanja wa Bagalu na Bagika, nguvu za vyombo zisipolingana, miguu ya watazamaji yaweza kufuata kishindo badala ya kufuata tungo, na ushindi ukawa wa aliyekodi sanduku kubwa. Jambo hili linagusa siasa ya utunzi pia. Elias Songoyi, katika utafiti wake wa mwaka 1988 juu ya waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila, alilichunguza swali la msanii na dola, na swali hilo halikomi pale dola inapoondoka mlangoni. Anayelipia vyombo, awe chama, mgombea, mfanyabiashara au kanisa, ana nafasi ya kuchagua nini kipazwe. Manju wa zamani alimtegemea kila aliyekubali kumwitikia. Manju wa leo aweza kumtegemea mtu mmoja mwenye sanduku. Serikali ilitoa mwaka 2015 kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, na kanuni hizo zinaweza kuonyesha kwa kipimo kwamba muziki umezidi. Hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha kwamba neno limepotea.

Kiitikio kiwekwe wapi

Hasara iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, ni ile isiyopiga kelele. Imeelezwa hapo juu kwamba kiitikio kilikuwa na kazi mbili: kulifikisha neno mbali, na kulipanda katika kumbukumbu za watu. Amplifaya imeichukua kazi ya kwanza na inaifanya vizuri kuliko koo 40. Kazi ya pili haikuichukua, na haiwezi. Pale sauti ya manju inapojaza uwanja peke yake, waitikiaji huonekana hawahitajiki. Wakiitikia, hawasikiki, kwa kuwa hawana maikrofoni. Na wasiosikika huchoka, wakanyamaza, wakawa watazamaji. Wimbo husikika na wengi zaidi kuliko zamani, na hukumbukwa na wachache zaidi. Mtu akitaka kuurudia, huutafuta katika simu yake. Simu ikipotea, au sahani ikikwaruzika, hakuna jirani wa kumuuliza beti ya tatu inasemaje.

Wapenzi wa ushairi wa visiwani wameliona jambo hili kwao. Shairi lililoimbwa na watu likihifadhiwa vifuani liliweza kuvuka miaka 100 bila karatasi. Wimbo uliosikilizwa kwa nguvu kubwa na watu waliokaa kimya huishi kwa kadiri ya chombo kinachoubeba.

Hata hivyo dawa yake haiko mbali, na haihitaji kuvitupa vyombo. Imo ndani ya sanduku lenyewe, katika zile njia zake. Sanduku la njia sita linapofunguliwa uwanjani, fundi mitambo huamua njia ipi apewe nani. Anaweza kumpa manju njia ya kwanza, kinanda njia mbili, ngoma mbili, na ya mwisho mshereheshaji. Fundi anayejua kwamba wimbo wa Kisukuma ni wa kupokezana angeweza kuwapa waitikiaji maikrofoni moja, akaisimamisha mbele yao kwa urefu wa vichwa, akashusha kinanda wanapopokea, na akamwacha mshereheshaji asubiri zamu kwenye maikrofoni ya manju. Hilo halimgharimu hata wati moja. Linahitaji fundi ajue lugha ya wimbo, aujue mstari unapokwisha na unapopokewa, awe sikio la kundi kama vile manju alivyo mdomo wake. Nao waandaaji wa mashindano wangeweza kukubaliana kwamba pande zote mbili zitumie vyombo vya nguvu moja, au hata sanduku moja kwa zamu, ili miguu ya watazamaji irudi kupigia kura utunzi.

Historia ya karne nzima, kutoka valvu ya kioo ya mwaka 1906 hadi sanduku lifungwalo nyuma ya pikipiki katika barabara ya vumbi, imelifumbua tatizo la kusikika. Tatizo la nani asikike bado linaamuliwa kwa mkono wa mtu, kila jioni, kwa kitufe kimoja kinachozungushwa kulia au kushoto. Wazee wa Usukumani waliliamua kwa kuwapa watu wote sehemu ya wimbo. Vijana wao wana chombo ambacho hao hawakuwa nacho, na kwa hiyo wana uwezo wa kuliamua vivyo hivyo kwa upana mkubwa zaidi, mradi wasisahau kuwaachia waitikiaji njia yao.